Kamau Wawili na Nyumba Moja ya Lewisville

Lewisville, Texas
3 Mei 2025

Mpendwa Dada Gakii,

Nakusalimu kutoka huku ambako joto limeanza kututafuta mapema mwaka huu. U hali gani? Lile goti lako linaloasi kila ukipanda ngazi limetulia? Na shemeji Josué, bado anapigana na mafua ya Leicester, au ameshayazoea akayapa jina? Sisi tu wazima kwa neema ya Mungu. Lenny ni mzima, Jackie wetu ni mzima na amenipita mimi mama yake kimo. Na Mama Kezia, mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Nyahururu kututembelea kwa muda mfupi, ni mzima kabisa, na muda wake mfupi bado unaendelea.

Nilipata ujumbe wako wa sauti, ule mrefu. Niliusikiliza nikienda kazini na sikuumaliza mpaka nilipokuwa nikirudi. Nimefurahi sana kusikia mmepata nyumba mnayoipenda. Hongereni! Maswali yako nayo nimeyasikia: huyo solisita, mwanasheria anayewashughulikia ununuzi, kazi yake hasa ni nini, je ni vibaya kumchukua yule aliyependekezwa na ajenti, kwa nini anamchimba shemeji kuhusu mambo ya zamani, na kwa nini kila ukimpigia simu unaambiwa bado wanatafuta. Wanatafuta nini, na nyumba iko palepale?

Dada, ungeniuliza mwaka jana ningekujibu kwa sentensi mbili. Sasa weka chai karibu, kwa sababu kwetu sisi walitafuta wakapata.

Nianze hivi. Huku Texas hakuna mtu anayeitwa solisita. Kuna kampuni ya hati. Hiyo ndiyo inayochunguza kama nyumba ni ya huyo anayeuza, kama haidaiwi na mtu, na kama wewe mnunuzi huna kesi itakayokuja kuishika nyumba kwa mkia. Wakichunguza wakaridhika, mnaitwa ofisini kwao, mnatia sahihi mpaka kidole kinakufa ganzi, mnapewa funguo. Wakili wako mwenyewe ni hiari. Ukitaka unamchukua, usipotaka unamwacha.

Lenny hakutaka. Unamjua shemeji yako. Ni mtu wa kompyuta, ofisi yake iko Richardson, na ni binadamu pekee ninayemfahamu anayesoma masharti yote ya simu kabla ya kubonyeza nimekubali. Alisema wakili ni wa watu wasiosoma. Nikamwachia.

Nyumba yenyewe iko hapahapa Lewisville, si mbali na apatimenti yetu ya zamani. Ni ya matofali, ina mti wa pekani nyuma, na jiko lenye dirisha linalotazama huo mti. Mwenyewe alikuwa mzee mmoja mpole aliyekuwa anahamia kwa binti yake. Niliposimama kwenye lile dirisha mara ya kwanza nilijiona nikiosha vyombo hapo bila kulalamika, na unajua mimi na vyombo. Tukakubaliana naye, benki ikakubali, tukatoa notisi kwenye apatimenti, tukaanza kufunga vitu kwenye maboksi. Hata sufuria kubwa ya pilau ilishafungwa. Kulikuwa na mnunuzi mwingine nyuma yetu akisubiri tuteleze, na ajenti alikuwa anatukumbusha hilo kila siku kama anayetuombea.

Sasa sikia.

Alasiri moja nilikuwa jikoni na Mama Kezia tunamenya viazi vya mukimo. Simu ikalia. Mikono yangu ilikuwa na maji, nikabonyeza spika kwa kiwiko. Alikuwa ni mama wa kampuni ya hati, sauti yake tamu kama ya mtu anayetangaza safari za ndege.

"Naongea na Bi. Kamau?"

"Ndiye mimi."

"Asante sana. Samahani, wewe ni Bi. Kamau yupi?"

Nilicheka. Nikamwambia kwamba kwa ninavyojua niko peke yangu.

Nikasikia akibofyabofya kompyuta. "Kwa hiyo wewe si Jepchirchir?"

Kisu cha Mama Kezia kikasimama katikati ya kiazi.

Yule mama akaeleza polepole, kwa huruma ya kunitisha. Walikuwa wameliingiza jina la mnunuzi kwenye rekodi za korti, na rekodi za Houston zikawarudishia Leonard Kamau, mume wa Jepchirchir, mwenye kesi ya talaka ambayo haijaisha. Kwa sheria za huku, mali anayopata mtu akiwa ndani ya ndoa ni ya wote wawili. Kwa hiyo kama Leonard Kamau ananunua nyumba Lewisville, Jepchirchir wa Houston ana sehemu yake kwenye nyumba hiyo. Akaniuliza kwa upole kama mimi nilikuwa nafahamu habari za hiyo ndoa nyingine.

Nilimwambia nitampigia baadaye. Nikakata simu kwa kiwiko kilekile.

Mama Kezia alifundisha shule ya msingi maisha yake yote, na hajawahi kuacha. Aliweka kisu chini, akajifuta mikono, akavuta kiti mpaka kikaelekea mlangoni, akakaa. Hapo ndipo Lenny alipotukuta alipotoka kazini, mama yake anamtazama kama mtoto aliyeruka ua wa shule.

"Leonard," akasema. Hamwiti hivyo ila kwa jambo zito. "Jepchirchir ni nani?"

"Jep nani?"

"Usinirudishie swali. Ni nani?"

"Mum, sijui mtu anaitwa hivyo, I swear."

"Hata kuapa unaapa," akasema Mama, akanigeukia kana kwamba amepata ushahidi.

Dada, mimi namwamini mume wangu. Nilimwamini hata jioni ile. Lakini akili ya mtu haikai ikiambiwa ikae. Nilianza kukumbuka safari za Houston. Kazi yao ina ofisi huko, na huwa anatumwa. Halafu nikakumbuka kibuyu. Mwaka uliopita Lenny alirudi kutoka Houston na kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandisha ya kabila la kina Jepchirchir, alichonunua kwenye duka la Waafrika kule Alief, akayanywa yale maziwa mpaka mwisho akilamba midomo. Mtu wa Nyahururu! Wakati ule niliona ni ushamba tu wa kupenda vitu vipya. Sasa nikajiuliza, mwanamume huyu alifundishwa na nani kupenda mursik?

Nilimwuliza. Swali lilitoka kabla sijalipanga. "Mursik ulijulia wapi?"

Lenny akatutazama mmoja baada ya mwingine. "Boarding school," akasema kwa sauti ndogo. "Nilisoma Eldoret. Si ni nyinyi mlinipeleka, Mum?"

Mama Kezia akakohoa. Lakini kiti hakukihamisha.

Kesho yake Lenny alikwenda mwenyewe kwenye kampuni ya hati, na wasifu wake wote kwenye bahasha. Huko wana wakili wao. Lenny akamweleza shida yake kirefu, na yule wakili akamsikiliza kwa makini mpaka mwisho, akamwambia: "Pole sana, lakini mimi siwezi kukushauri. Mimi si wakili wako." Lenny akamwuliza basi ni wakili wa nani, wa muuzaji? Akasema hapana, wala wa muuzaji. Wa benki? Wala. Yeye ni wakili wa kampuni. Kwa hiyo jibu la swali lako la pili ni hilo, dada: kabla hujamwaga moyo wako mbele ya mtu mwenye tai, mwulize yuko upande wa nani. Huyo aliyependekezwa na ajenti anaweza kuwa mtu mzuri kabisa, lakini mwulize, na umwulize mapema.

Lenny akaambiwa alete ushahidi kwamba yeye si yule Leonard. Alirudi nyumbani akazunguka meza. "Nitathibitishaje kwamba mimi si mtu ambaye sijawahi kumwona?"

Basi tukachukua wakili. Kanisani tulimpata mmoja anayeitwa Nathanaël, Mkongo aliyekulia Bukavu, ofisi yake iko Richardson juu ya duka la miwani. Ni kijana mnene mwenye suti ya bluu, na mpole kama daktari wa watoto. Mama Kezia alikuja nasi. Hakualikwa.

Kabla hatujakaa, Nathanaël aliinua mkono. "Mutanisamehe. Kwanza munaniambiya: ninyi iko upande moya ao mbili? Kama bwana na bibi wanagombana juu ya hii nyumba, mi siwezi kuwasaidiya wote. Ni kanuni ya kazi. Mutachaguwa."

Lenny akanitazama. Mama Kezia akanitazama. Hata picha ya watoto wa wakili mezani iliniangalia.

"Andika upande mmoja," nikasema. "Lakini andika kwa penseli."

Nathanaël alicheka mpaka akatoa kitambaa. Lenny hakucheka.

Akatueleza kwamba jambo lenyewe ni la kawaida sana. Watu wa jina moja huku ni wengi, na mara nyingi unatia sahihi hati ya kiapo kwamba mimi si yule, unaonyesha tarehe yako ya kuzaliwa, yanakwisha. "C'est normal, mama. Jina haiko alama ya kidole." Lakini letu lilikuwa limeingia mchanga. Watu wa kampuni ya hati, katika kuchunguza, walikuwa wamempigia wakili wa Jepchirchir kumwuliza kuhusu ile kesi. Wakili akamwambia mteja wake. Na Jepchirchir, aliposikia kwamba Leonard Kamau ananunua nyumba ya matofali Lewisville pamoja na mwanamke anayeitwa Kanana, aliamini kila neno. Akamwagiza wakili wake aandike mara moja kuzuia ununuzi mpaka apewe nusu yake.

Unaelewa, dada? Mimi Kanana, binti wa watu, mke wa ndoa ya kanisa, mahali fulani Houston nilikuwa kimada.

Nathanaël alituma nakala za kitambulisho, cheti chetu cha ndoa, kila kitu. Wakili wa Jepchirchir akajibu kwamba yeye binafsi ameridhika, lakini mteja wake hataki karatasi. Karatasi huandikwa na watu. Anataka kuona kwa macho yake. Na bila yeye kukubali, ile barua ya kuzuia haitaondolewa, na siku yetu ya kutia sahihi ilikuwa inakuja mbio, na ajenti alianza kutaja yule mnunuzi mwingine kwa jina lake la kwanza.

"Twende Houston," akasema Mama Kezia. "Anataka kuona, ataona. Mimi ndiye niliyemzaa. Kuna shahidi gani wa kunishinda?"

Tulikwenda Ijumaa. Mama alikaa mbele na Lenny, mkoba mapajani, ndani yake kadi ya ubatizo ya Lenny na picha yake akiwa mchanga, uchi, ndani ya beseni. Lenny alimsihi aiache ile picha. Mama akasema korti inapenda vielelezo. Jackie, aliyekaa nyuma nami, alivua vidude vyake vya masikio mara moja tu njia nzima, akauliza, "Wait, so does Dad have another family or not?" Tulipomjibu wote watatu kwa pamoja kwamba baba yake hana familia nyingine, akavirudisha.

Ofisi ya wakili wa Jepchirchir iko Alief, kwenye jengo moja na saluni na duka la vyakula vya kwetu. Wakili ni mama mmoja wa Kinaijeria mwenye kilemba kirefu na miwani ya dhahabu. Nathanaël alikuwa kwenye simu, amewekwa mezani katikati yetu kama chupa ya chumvi. Na kwenye kona, amevaa sare ya kazi ya nyumba ya wazee, alikaa Jepchirchir.

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Ni mwanamke mwembamba, macho yamechoka, rika langu. Alinitazama mimi kwanza, kutoka viatuni mpaka kichwani, taratibu. Kisha akamtazama Lenny. Akamtazama tena.

"Huyu siye," akasema.

"Nilikwambia," akasema wakili wake.

"Huyu hata hamkaribii. Wangu ni mrefu." Akamwangalia Lenny kwa huruma kidogo. "Samahani, bwana."

"Hakuna shida," akasema Lenny, akijinyoosha.

Mama Kezia alikuwa ameshafungua mkoba. Ile picha ya beseni ilipita mkono kwa mkono kabla Lenny hajaweza kuizuia, na mama wa Kinaijeria akaitazama kwa uzito wote wa kazi yake, akasema anaridhika.

Tungesimama tukaondoka wakati ule. Lakini Jepchirchir alikuwa ameanza kulia. Si kulia kwa kelele, ni machozi tu yanashuka na yeye ameyaacha. Nilihamia kiti cha karibu yake, mazoea ya unesi wangu wodini tu, nikampa tishu.

"Nilitaka iwe kweli," akaniambia. "Unaona? Angekuwa amenunua nyumba na wewe, ningejua kwa nini haongei. Huu mwaka wa pili anaingia, anakula, analala. Nikimwuliza kitu, kimya. Nikasema lazima kuna mtu. Nikafungua kesi ili nimjue huyo mtu. Sasa wewe siye. Basi ni nani? Hakuna?"

Nikamshika mkono.

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa, akaingia Leonard mwenyewe. Dada, ilimbidi ainame. Huyo mtu ni mlingoti. Anaendesha lori kubwa la mizigo, na alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka barabarani, kofia mkononi. Aliitwa na wakili wake aje kutia sahihi kwamba nyumba ya Lewisville haimhusu. Akatusalimu wote kwa heshima, akampa Lenny mkono, na hao Leonard wawili wakasimama wakitazamana, mmoja anaangalia juu, mwingine anaangalia chini.

"Pole, jina," akasema yule mrefu.

"Pole, jina," akajibu Lenny.

Angetia sahihi akaenda zake. Lakini Mama Kezia alikuwa mle ofisini. "Wewe Leonard," akasema, na wote wawili wakageuka. "Si wewe. Wewe mrefu. Kwa nini huongei na mke wako?"

Mama wa Kinaijeria akafungua mdomo kupinga, akaufunga. Nathanaël kwenye simu akasema, "Mama, tafazali, hii haiko mu kesi yetu." Mama Kezia akaigeuza simu kifudifudi.

Yule jamaa alizungusha kofia mikononi. "Mama, nikirudi ananiuliza nimetoka wapi. Nimetoka kazini. Kesho ananiuliza nimetoka wapi. Nimetoka kazini. Jibu halibadiliki. Nikaona nisimchoshe."

"Hukuona nimechoka kwa kukosa jibu?" akasema Jepchirchir.

"Nilidhani unajua."

"Nijue vipi?"

"Baba yake huyu," akasema Mama Kezia akimwonyesha Lenny, "mimi nilimwuliza kila jioni ya ndoa yetu kama ameshiba. Unadhani sikuwa najua? Nilimpikia mimi. Na yeye kila jioni alinijibu. Sasa amekwenda, na hilo jibu ndilo ninalolikosa kuliko vyote." Sijawahi kumsikia Mama akimtaja Baba hivyo, na naona hata Lenny alikuwa hajawahi, kwa sababu alianza kutafuta kitu mfukoni ambacho hakikuwamo.

Yule mrefu alikaa kwenye kiti kilichokuwa kidogo kwake. Akamtazama mke wake. "Nimetoka Laredo," akasema. "Nilibeba friji. Tairi moja lilipasuka karibu na San Antonio, nikakaa juani nikisubiri. Nilikula ndizi."

"Ndizi tu?" akauliza Jepchirchir.

"Mbili."

Sitakudanganya kwamba walikumbatiana. Hawakukumbatiana. Jepchirchir alitia sahihi kuondoa pingamizi lake kwenye nyumba yetu, mumewe akatia sahihi kwamba yeye si mume wangu, Lenny akatia sahihi kwamba yeye si mume wa Jepchirchir, na mama wa Kinaijeria akatuambia kwamba tangu aanze kazi hii hajawahi kuona watu wengi hivyo wakikana ndoa kwa furaha. Simu ikageuzwa tena, Nathanaël akauliza kama bado tuko hai.

Tulipokuwa tunarudi, Mama na Jackie walilala nyuma. Mimi sasa nilikaa mbele. Tulikuwa tumepita Huntsville Lenny aliponiuliza bila kunitazama, "Uliamini?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kiasi cha kuhesabu safari zako."

Akashika usukani kwa mikono miwili, nami nikajua nimemwumiza. Nikamwambia nisamehe. Akasema, "Mimi ningekuwa wewe, ningehesabu hata zile za kwenda dukani." Ndipo tukacheka, tukacheka mpaka Mama akaamka kuuliza kama tumefika.

Siku ya kutia sahihi ilifika, na Lenny akasoma kila karatasi mpaka mwisho. Kila karatasi. Yule mama wa sauti tamu alianza kwa kutabasamu, akaishia kuagiza chakula. Nathanaël alikaa pembeni akijibu maswali, na dada, hapo ndipo nilipoona faida ya kuwa na wako mwenyewe. Kwenye karatasi moja jina langu lilikuwa limeandikwa Banana. Lenny alikuwa ameipita, sijui kwa nini. Nathanaël akaikamata, akasema kwa upole, "Mi naona hapa mama anageuka matunda." Ingebaki hivyo, siku ya kuuza ningeapa tena mbele ya watu kwamba mimi si ndizi.

Basi majibu yangu kwa maswali yako ni haya, ila ya Uingereza mwulize mtu wa Uingereza, sheria zenu si zetu. Tafuta mwanasheria wako mwenyewe, wewe na shemeji, na mkubaliane kwanza kama mko upande mmoja. Akikuuliza mambo ya zamani, mjibu yote hata yakikutia aibu, maana usilomwambia wewe ataambiwa na kompyuta. Akikwambia wanatafuta, waache watafute, lakini piga simu kila wiki, na umjue kwa jina yule anayeshika faili lako. Ikija barua pepe inayosema akaunti ya kulipia imebadilika, usilipe. Piga simu kwa ile nambari uliyopewa mwanzo, uulize kwa mdomo. Lenny alipata moja ya namna hiyo, ilikuwa ya wezi, nayo ilikuwa na adabu kuliko barua za kweli. Na yule rafiki yako uliyemtaja, anayebadilisha mkopo wa nyumba aliyomo tayari, mwambie asishangae akichunguzwa upya. Nyumba haijasogea, lakini tangu siku ile yeye anaweza kuwa amepata kesi, au jina lake limepata mwenzake.

Sasa nikupe la mwisho, nikapumzike, nina zamu.

Siku ya kuhama, Jumamosi asubuhi, tulikuwa tunangoja pikapu ya rafiki yake Lenny. Badala yake likaingia lori, refu, linapiga honi mtaani kama lililokuja kuchukua mtaa wote. Mama Kezia ndiye aliyeliita. Kumbe huwapigia wale wa Houston kila Jumapili baada ya ibada, na hakutuambia. Leonard mrefu akashuka akaanza kubeba friji yetu peke yake, kama mtu anayebeba mto. Na mlango wa upande wa pili ukafunguliwa, akashuka Jepchirchir na sufuria ya mchele mikononi.

Sikumwuliza kitu kuhusu kesi. Tulipofika kwenye nyumba mpya nilimkaribisha ndani, nikamtembeza chumba kwa chumba. Alifungua makabati. Alipima sebule kwa hatua. Alisimama kwenye dirisha la jikoni, akautazama mti wa pekani kwa muda mrefu mno, mpaka nikaanza kuogopa.

"Nilitaka niione," akasema, "hii nyumba niliyokaribia kupewa na korti."

"Unaionaje?"

Akatazama sinki. Akatazama dari. "Jiko ni dogo," akasema, akaweka sufuria yake juu ya meko yangu. "Afadhali nilikataa." Halafu akachungulia nje akamwita mumewe aje kula, naye kutoka kule kwenye lori akajibu kwa sauti kubwa, mtaa mzima ukasikia, "Nakuja! Niko na meza! Nimeishika miguu miwili, namalizia kuiteremsha, halafu nanawa mikono, halafu nakuja!"

Nisalimie shemeji Josué na wanao wote wawili. Ukimpigia Mama Mkubwa Bertila mwambie zile dawa za presha asigawie majirani. Jackie anakusalimu, amesema hi. Mama Kezia anakusalimu na kuuliza kama huko Leicester kuna mtu wa jina la shemeji, kama yupo, yeye Mama yuko tayari kuja. Mungu awafungulie mlango wa nyumba yenu, aulinde, na jina lenu alitenge na majina mengine yote.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukukosa,

Kanana (kwa herufi K)